Mega Drive Mini: mara yangu ya kwanza kumsikia Sonic kwenye spidi yake

Nimeiwasha hii Mega Drive Mini, kimashine cha Sega chenye gemu zao za zamani ndani, nikachagua Sonic ya kwanza kabisa, ile gemu ya 1991 ya kijimnyama cha bluu kinachokimbia, neno SEGA likaimbwa vilevile kama zamani, nikabonyeza Start, steji ya kwanza, Green Hill, ikafunguka na muziki ukaanza, na hapohapo nikajua kuna kitu kimeharibika. Muziki unakimbia. Yaani ule wimbo naujua toka nina miaka tisa, naweza kuupiga mluzi huku nafua, na huu uliokuwa unatoka kwenye TV ulikuwa wenyewe kabisa ila ulikuwa na haraka, kama mtu anayewahi basi la mwisho. Nikazima, nikawasha tena, hivohivo. Nikaingia kwenye mipangilio nikachokonoa, hivohivo. Ndo nikaanza kusoma, na nilichokikuta ndo kimenifanya nikae niandike maelezo marefu hivi, kwa sababu nina hakika siko peke yangu niliyecheza Sega ya Ulaya kwenye TV za huku miaka ya tisini bila kuambiwa na mtu: Sonic tuliyekuwa naye alikuwa amepunguzwa mwendo.

Iko hivi. TV za huku kwetu zilikuwa za mfumo wa PAL, mwendo wa picha ni 50 kwa sekunde, sawa na Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya. Japani na Marekani wao walikuwa na NTSC, 60 kwa sekunde. Mega Drive ilitoka Japani mwaka 1988, Marekani 1989 wakaiita Genesis, Ulaya ikafika 1990, na gemu nyingi ziliandikwa kwa hesabu ya 60, kwamba kila picha moja ikichorwa Sonic asogee kiasi fulani, adui asogee kiasi fulani. Sasa gemu hiyohiyo ukiipeleka kwenye mashine ya 50 bila kurekebisha hesabu, Sonic anasogea mara 50 badala ya mara 60. Kitu cha sekunde kumi kinachukua kumi na mbili. Na kwa vile picha ya PAL ina mistari mingi zaidi kwenda chini, gemu haijai kwenye kioo, juu na chini inabaki mikanda myeusi na watu wote wanaonekana wafupi wanene. Ile mikanda naikumbuka! Miaka yote nilijua ni TV yetu ndo mbovu.

Mashine yetu ilikuja 1995 na mjomba aliyekuwa anaishi Uingereza, Mega Drive ya pili ile nyembamba, na kaseti tatu: Sonic ya kwanza, Streets of Rage 2 na Columns. Tulikuwa Magomeni, TV ya chogo inchi 14. Kwa vijana wa sasa niseme tu kwamba bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka miaka ya tisini, ITV ikaanza 1994, kabla ya hapo mwenye TV aliangalia mikanda ya video, au aliinua antena ndefu juu ya bati akanasa TVZ ya Zanzibar siku hali ya hewa ikikubali. Kwa hiyo nyumbani kwetu TV yenye vipindi na gemu vilikuja karibu pamoja, na ikifika jioni watoto wa mtaa mzima wako dirishani. Sheria ilikuwa moja, ukifa unatoa padi. Na umeme ukikatika mnaanza upya yote, Sonic ya kwanza haisevu chochote, mnaweza mkafika Star Light, steji ya mbele kabisa, giza, mkarudi Green Hill kesho yake kama hamjawahi kutoka hapo.

Basi hii Mini. Sega waliitoa Septemba 2019, kazi ya kuzihamisha gemu ilifanywa na M2, kampuni ya Kijapani ambayo watu wanaofuatilia gemu za zamani wanaiheshimu sana kwa usahihi wake. Ndani kuna gemu 42, zote zimeshawekwa, hakuna cha kudownload. Bei ilipotoka ilikuwa dola 79.99. Mi nimeipata ya mkononi, mtu alikuwa anarudi nyumbani likizo nikamwomba aniangalizie, ikaja na boksi lake, padi mbili, waya wa HDMI na waya wa umeme ambao ni USB ile ndogo ya simu za zamani. Chaja ya simu inatosha kuiwasha.

Kwa umbo ni Mega Drive ya kwanza iliyopunguzwa, inakaa kwenye kiganja. Na hapa walipenda kazi yao kwelikweli: kile kifuniko cha kuingizia kaseti kinafunguka japo hakuna kaseti ya kuingiza, kile kitelezi cha sauti ya hedfoni kinapanda na kushuka japo hakifanyi kitu, na pembeni pale ilipokuwa inaungwa Mega CD, kile kifaa cha ziada cha kuchezea CD, kimlango kinatoka. Mtu angeweza kumwaga plastiki tu akaandika Sega juu yake na bado ingeuzika. Hawakufanya hivo.

Sasa turudi kwenye spidi maana ndo roho ya mambo. Mini hii inacheza gemu kwa 60, kokote ulikoinunulia. Nilicheza Green Hill mara tano mfululizo siku ya kwanza. Ile sehemu ya kuteremka kilima halafu kuna kitanzi cha kuzunguka, kwenye mashine yetu ya zamani Sonic alikuwa anapanda kile kitanzi vizuri tu, sikuwahi kulalamika. Kwenye hii anaondoka! Mguu unageuka duara, kamera inamkimbilia, unasikia tumboni kama umeshuka mlima kwa baiskeli bila breki. Nikaelewa kwa mara ya kwanza kwa nini watu wa Marekani walipokuwa wanamsifia Sonic walikuwa hawaachi kutaja mwendo. Sisi tulimpenda kwa rangi zake, kwa jinsi ukimwacha bila kucheza anakuangalia na kugongagonga mguu chini kwa kukosa subira, na kwa zile pete, kwamba ukiwa na pete hata moja hufi, unazimwaga tu halafu unahangaika kuziokota kabla hazijapotea. Mwendo tulikuwa tunaambiwa.

Na muziki pia. Ule muziki kautunga Masato Nakamura, mwanamuziki wa kundi la Dreams Come True la Japani, mtu wa nyimbo za kuimbwa na ndo maana kila steji ina melodi unayoweza kuiimba. Chipu kuu ya sauti ni Yamaha YM2612, ina njia sita tu za sauti, na ya sita mara nyingi wanaikopa kwa ajili ya ngoma, na pembeni yake kuna chipu nyingine ndogo ya njia nne za milio rahisi. Njia kumi tu! Halafu usikilize Star Light Zone usiku wenzio wamelala, ujiulize hiyo njia ya kumi na moja na ya kumi na mbili mbona unazisikia.

Ila niseme ukweli, spidi ya kweli imenifanya niwe mbovu. Labyrinth, ile steji ya majini, mikono yangu inakumbuka saa ya zamani. Nilikuwa naruka kwa kuchelewa kila mahali, mikuki inanikuta, na ule muziki wa kuishiwa pumzi ukianza na namba zikihesabu kutoka tano kushuka chini, moyo unaenda mbio kuliko utotoni kwa sababu sasa namba zenyewe zinahesabu haraka. Imenichukua kama wiki kuzoea. Kama uliicheza sana ile ya PAL jiandae kwa hilo, utajiona kama padi ndo imeharibika, haijaharibika, ni wewe uliyezoea gemu ya taratibu.

Angalizo la muhimu kabla sijasahau: TV za flati zina tabia ya kuichezea picha kabla ya kuionyesha na hapo kunatokea lagi, unabonyeza sasa, anaruka baadaye. Ingia kwenye mipangilio ya TV uwashe modi ya gemu. Mi nilicheza siku mbili bila kuiwasha nikaanza kuilaumu mashine, nilipoiwasha ikawa kitu kingine kabisa. Pia acha picha kwenye umbo lake la karibu mraba, ile ya kuivuta ijaze kioo chote inamfanya Sonic awe chapati. Kuna pia kichujio cha kuweka mistari kama TV ya zamani, wengine wanaipenda, mi niliijaribu nikaizima maana kwa macho yangu inatia giza tu.

Streets of Rage 2 sasa. Hapa nitakaa kidogo.

Gemu ya 1992, ya kutembea mtaani na kupiga wahuni, watu wawili pamoja. Unachagua kati ya wanne: Axel, Blaze, Max yule pande la mtu, na dogo wa viatu vya matairi. Nimecheza na mwanangu wa miaka kumi ambaye gemu zake zote ni za kwenye simu za kutelezesha kidole. Alichukua Max kwa sababu ndo mkubwa, kama nilivyofanya mimi 1995. Dakika ya kwanza tulipigana wenyewe kwa wenyewe, maana kwenye hii gemu ngumi yako inampata na mwenzio, hakuna cha kusamehe. Akakasirika. Nikamwambia basi wewe kaa juu mi nikae chini, tusipishane. Na hapo ndo gemu ikafunguka, akaanza kunipigia kelele "baba nyuma yako, nyuma yako!", mi naokota bomba, yeye anawanyanyua watu na kuwabwaga chini.

Halafu ikaja ile kesi ya kuku. Ukivunja mapipa na makasha kuna chakula kinatoka, tufaha linarudisha nguvu kidogo, kuku mzima anarudisha zote. Kwenye steji ya pili kule darajani tulimpata kuku mmoja, mi nguvu zimebaki robo, yeye nusu. Akasimama juu ya kuku, hajabonyeza. Ananiangalia. Mi namwangalia. Na wahuni wanakuja. Akasema "chukua baba, we ukifa mi siwezi peke yangu". Nimecheza gemu nyingi za kisasa, kubwa, za mamilioni ya dola, na nzuri tu, lakini zile za mtandaoni kila mtu yuko chumbani kwake na hedfoni yake na kila mtu ana kuku wake. Hawa watu wa 1992 waliweka kuku mmoja chini kati ya watu wawili waliokaa kochi moja, basi, wakatuachia wenyewe tujuane.

Muziki wake kautunga Yuzo Koshiro, akisaidiwa kidogo na Motohiro Kawashima, na ni muziki wa klabu kabisa, hausi na tekno, kwa chipu zilezile. Koshiro aliandika mpaka lugha yake mwenyewe ya kompyuta ya kuiamrisha chipu maana vifaa vya kawaida havikumtosheleza. Steji ya kwanza, ile ya baa na taa za neoni, besi ikiingia TV yangu inatikisa glasi mezani. Mke wangu alikuja kuuliza kama ni redio. Na ile steji ya uwanja wa besiboli, ukishafika katikati uwanja wenyewe unashuka kama lifti mpaka ulingo wa siri chini ya ardhi, nilikuwa nimeshaisahau kabisa, uwanja ulipoanza kushuka nilisimama.

Kubonyeza kwake bado kumenyooka. Axel ukibonyeza mbele mara mbili halafu ngumi anatoa ile ngumi ya moto, na inatoka kila mara, hakuna kubahatisha. Hii ndo tofauti niliyoiona kwenye gemu zote hizi 42: zile ambazo mkono wako na mtu wa kwenye kioo ni kitu kimoja, zimebaki freshi mpaka leo. Zile ambazo zilikuwa zinauza picha tu, zimechoka.

Mfano wa zilizochoka ni Altered Beast. Hii ndo ilikuwa inawekwa kwenye boksi Marekani mashine ilipotoka, mtu mwenye misuli anageuka mbwa mwitu, picha kubwa, sauti kubwa. Inacheza kama unasukuma kabati. Virtua Fighter 2 nayo sijui kwa nini ipo, ile ya kwenye mashine za arcade ilikuwa na picha za 3D zilizoshangaza dunia, huku wameilalia ikawa bapa, na ladha yote imebaki kule. Road Rash II naipenda, pikipiki zinakimbizana watu wanapigana minyororo barabarani na mnaweza kucheza wawili kioo kimegawanywa, ila picha zinakatakata, jicho la leo linaona. Usiinunue mashine kwa ajili ya hizo.

Inunue kwa ajili ya Gunstar Heroes, kama hukuwahi kuiona, mi sikuwahi. Ya 1993, kazi ya Treasure, vijana waliotoka Konami wakaanzisha kampuni yao na hii ndo ilikuwa gemu ya kwanza kuitoa. Silaha za msingi ni nne tu lakini unabeba mbili na unazichanganya, moto na inayofuata adui inakuwa moto unaofuata adui, radi na radi inakuwa radi kubwa zaidi, jumla zinatoka aina 14, tukakaa jioni nzima mimi na dogo tunajaribu mchanganyiko tu kama watu wanaopika. Vitu vinavyolipuka kwenye kioo ni vingi mpaka unajiuliza chipu ya megahezi saba na kitu inawezaje. Kuna bosi mmoja anajigeuza maumbo saba, mmoja baada ya mwingine, na kila umbo linahitaji akili yake. Tulipomshinda huyo bosi, dogo alitoka nje kwenda kuwaambia wenzie.

Halafu Ecco. Mtu wa pwani lazima aicheze hii. Wewe ni pomboo. Huna bunduki, huna ngumi, unaogelea, unaimba ili kuona mbele kwa mwangwi wa sauti yako, na lazima upande juu kuvuta pumzi maana pomboo ni mnyama wa kuvuta hewa siyo samaki. Mwanzoni uko na wenzio kwenye ghuba maji ya bluu, hakuna adui, hakuna maelekezo, mnaruka tu. Mmoja anakuchokoza uruke juu zaidi na zaidi. Ukiruka juu kabisa kunatokea dhoruba inawanyonya wote kutoka baharini kwenda juu, samaki, pomboo, kila kitu, unabaki peke yako, na muziki unabadilika. Niliwahi kwenda Kizimkazi kuwaona pomboo wa kweli, jinsi wanavyotoka majini mgongo unang'aa halafu wanapotea, na huyu wa mwaka 1992 wamempata sawasawa ule mzunguko wa mgongo. Lakini ni ngumu, sifichi. Ngumu ya kukatisha tamaa. Papa mmoja anaweza kukurudisha mwanzo wa steji mara ishirini na njia zimefichwa kwenye mapango.

Na ndo hapo kusevu kunakuja kusaidia. Ukishikilia Start kwa sekunde kadhaa menyu inatokea, unahifadhi popote ulipo, nafasi nne kwa kila gemu. Kwa mtu aliyekulia kwenye mgao hiki kitu kina thamani kubwa kuliko picha nzuri. Umeme ukirudi unaendelea pale ulipokuwa mara ya mwisho kusevu. Haina ile ya kurudisha nyuma sekunde kadhaa kama ya Nintendo, hiyo nimeitamani kwa Ecco tu.

Niseme na kuhusu gemu za maneno. Utotoni kaseti yenye maandishi mengi tuliiona mbovu, Kingereza chenyewe cha kubahatisha, ukikopeshwa unairudisha kesho yake. Nimeanza Phantasy Star IV sasa nikiwa mtu mzima na ninaijutia ile miaka. Hadithi inasimuliwa kwa vipicha vinavyopandana kama katuni za magazeti, nyuso zinakasirika, zinashtuka, na kuna mahali hadithi inamgusa mtu wa karibu kwenye kundi lako, sitasema nani, nilizima TV nikakaa. Niko saa ya kumi na tano hivi. Shining Force nayo inafuata, ya vita vya zamu kama drafti, na mchezaji mzuri wa drafti ataipenda.

Mapungufu. La kwanza, padi. Toleo la Ulaya na Marekani linakuja na padi za vitufe vitatu, wakati toleo la Japani lilipewa vya sita. Sasa Street Fighter II ipo humu ndani na ina mapigo sita, ngumi tatu mateke matatu. Kwa padi ya vitufe vitatu inabidi ubonyeze Start kubadilisha kutoka ngumi kwenda mateke, katikati ya pambano, hii haikubaliki hata kidogo. Tafuta padi ya USB ya vitufe sita inayoendana nayo, Retro-Bit wametengeneza zenye leseni ya Sega yenyewe. La pili, hakuna mpira. Gemu 42 na hakuna hata moja ya mpira wa miguu, wakati FIFA ya kwanza kabisa ya 1993 ilianzia kwenye mashine hii. Mortal Kombat haipo. Sonic 3 haipo. Sonic 2 ipo, ndo ile ambayo mwenzio akishika padi ya pili anamwongoza Tails, rafiki yake Sonic, na kwa nyumba yenye watoto wawili hiyo inaamua ugomvi mwingi. Ukishazoea ya pili ukirudi ya kwanza kidole kinatafuta ile ya kuinama na kujisokota ukiwa umesimama, ya kwanza haina, kumbuka hilo usidhani padi haisikii.

Kuna kitu kimoja kitamu kimejificha: ukibadilisha lugha ya mashine baadhi ya gemu zinabadilika zikawa toleo la nchi ile. Contra Hard Corps ukiweka lugha nyingine za Ulaya inageuka Probotector, wale askari binadamu wanakuwa maroboti, maana ndivyo ilivyouzwa Ulaya. Nilicheza zote mbili siku moja.

Watu watauliza kuhusu ya Nintendo. Ipo, SNES Mini ya 2017, gemu 21, nimeicheza kwa jamaa yangu. SNES chipu yake kuu ilikuwa ya taratibu kuliko ya Sega, lakini rangi ilikuwa 256 kwa mara moja dhidi ya 64, na chipu ya sauti ilitoka Sony, kaichora Ken Kutaragi, yuleyule aliyekuja kuitwa baba wa PlayStation. Kwenye Super Metroid na Zelda hakuna cha kubishana, ni gemu za kukaa peke yako usiku na kupotea. Kwa mtu wa hadithi na upweke ningemwambia achukue hiyo. Kwa nyumba yenye kelele, watu wawili kochi moja, chukua Sega.

Na mwisho onyo, maana nimeliwa. Kabla ya hii nilinunua kimashine duka moja Kariakoo, kina umbo la Mega Drive kabisa, kimeandikwa gemu 620. Nimefika nyumbani ni gemu za biti 8 za miaka ya themanini, nyingine zimerudiwa majina tofauti, Sonic hayumo wala hajawahi kuwamo. Nilirudi, nikaambiwa kitu kikishafunguliwa hakirudi. Kwa hiyo ukikuta cha bei rahisi sana chenye namba kubwa ya gemu, mwambie muuzaji akichomeke hapohapo, omba akufungulie Sonic ya kwanza Green Hill, usikilize. Kama hayupo, ondoka. Na zile stiki za kuchomeka nyuma ya TV zenye padi zisizo na waya, niliyoijaribu kwa jirani Sonic alikuwemo lakini padi ilikuwa inachelewa, na gemu ya mwendo kasi yenye padi inayochelewa ni afadhali ukacheze bao.

Jumapili nilimpigia binamu yangu, yule tuliyekuwa tunapokezana padi, sasa hivi yuko Muscat na watoto wake. Sikumwambia kitu, nikaweka simu karibu na TV, Green Hill ikalia kama dakika nzima. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema "hiyo umeiongezea spidi bwana". Nikamwambia hapana, ile yetu ndo ilikuwa imepunguzwa. Akanyamaza, halafu akasema niirudie. Jana usiku katuma meseji anauliza padi ya vitufe sita inauzwa peke yake au inakuja nayo, nimemjibu inauzwa peke yake, anunue mbili.